Siku moja Mumbai na marafiki: Colaba na Fort, au Bandra na Juhu?

Mumbai ni mji mrefu na mwembamba, umetokeza baharini kama ulimi. Ncha yake ya kusini ni Colaba na Fort, ambako Waingereza walijenga mahakama, ofisi na stesheni zao. Ukipanda kaskazini unafika Bandra, kisha Juhu, na mji bado unaendelea. Kwa hiyo marafiki wenye siku moja ya kutembea na kula wasianze kwa kuulizana waone nini. Waulizane kwanza washike upande gani. Colaba hadi Juhu ni kama kilomita 25, na jioni magari yanapofungamana, safari hiyo hula saa moja na nusu bila taabu. Kundi linalopanga chai Fort, chakula cha mchana Juhu na nyama ya usiku Mohammed Ali Road, siku yake itaishia ndani ya teksi.

Msimamo wetu tunautoa mapema: anayefika Mumbai mara ya kwanza ashike kusini. Bandra ni ya safari ya pili, au ya waliofikia hoteli za karibu na uwanja wa ndege na wana jioni moja tu mkononi. Wengi wanaotoka Dar es Salaam au Nairobi huja hapa kwa biashara, kwa masomo au kumsindikiza mgonjwa, na siku ya mapumziko huwa hiyo hiyo moja, basi ni vizuri isipotee njiani.

Kwanza hesabuni mko wangapi

Idadi yenu ndiyo inayoamua usafiri. Bajaji (tuktuk kwa ndugu wa Kenya) haziruhusiwi kuingia kusini mwa mji, upande huu wa magharibi mwisho wake ni Bandra. Kusini mnapanda teksi, zile nyeusi na njano, na teksi moja inabeba wanne. Bandra na Juhu bajaji ziko kila kona, ni rahisi na zinapenya, lakini kisheria hubeba abiria watatu. Mkiwa wanne mtahitaji mbili, na bajaji mbili hupotezana: moja inawashusha Bandra Fort, nyingine inaishia kanisa la Mount Mary. Kabla hazijaondoka, waambieni madereva wote wawili jina moja la mahali pamoja na alama moja ya jirani yake.

Tangu Februari 2025 nauli ya kuanzia ni rupia 26 kwa bajaji na 31 kwa teksi, na hiyo ni kwa kilomita moja na nusu ya kwanza. Baada ya saa 6 usiku inaongezeka kwa robo. Mita hapa zinafanya kazi kweli, jambo ambalo huwezi kulisema kwa kila mji wa India, basi tamka "meter se chalo", yaani twende kwa mita, kabla hujakaa. Dereva akikutajia bei ya jumla, hasa mbele ya Gateway of India, tembea mita mia mbili hadi barabara nyingine ukasimamishe teksi inayopita. Anayepita anatafuta abiria, lakini aliyeegesha pale anamsubiri mgeni.

Kuna na treni za mji. Kutoka Churchgate hadi Bandra treni ya haraka hutumia kama nusu saa, na tiketi ya daraja la pili ni ya bei ndogo sana. Kwenye ubao wa plathifomu herufi F ni treni ya haraka, S ni ile inayosimama kila kituo. Nyingi za haraka husimama Dadar, Bandra na Andheri. Asubuhi, kuanzia saa 2 hadi saa 5, umati unaelekea kusini. Jioni, kuanzia saa 11 hadi saa 2 usiku, unarudi kaskazini. Katika saa hizo mgeni asijaribu. Shida si kukosa kiti: ni kwamba huwezi kushuka kwenye kituo chako, maana wanaoingia wanakusukuma kurudi ndani kabla mguu haujagusa chini. Kama kundi lina wanawake na wanaume, wanawake wana mabehewa yao, na mwanamume akipanda humo ni kosa la faini. Kubalianeni mapema kwamba mkishuka mtakutana chini ya ubao wa saa za treni. Tangu Oktoba 2025 njia ya 3 ya metro imefika hadi Cuffe Parade, ikipitia uwanja wa ndege, na kwa anayetoka huko kwenda Fort hii sasa ndiyo njia bora kuliko zote: shuka Hutatma Chowk. Kwa Bandra haisaidii sana, kwa sababu kituo chake cha BKC kiko mbali na bahari na mitaa mnayoitaka.

| | Colaba na Fort | Bandra na Juhu |
|---|---|---|
| Saa nzuri | saa 2 asubuhi hadi usiku | saa 9 alasiri hadi saa 5 usiku |
| Kuzunguka | kwa miguu karibu kote | bajaji kila baada ya kituo |
| Siku ya kuepuka | Jumatatu, kama mnataka mapango ya Elephanta | Jumapili jioni, Juhu hujaa |
| Nguvu yake | majengo, mikahawa ya zamani | upepo wa bahari, vitafunwa, ununuzi |

Kusini: siku ya miguu

Kusini inashinda kwa sababu moja kubwa: vitu vimekaribiana. Anzeni Gateway of India saa 2 asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla wapiga picha wa kukodi hawajajaa. Lango hili lilijengwa kukumbuka ziara ya Mfalme George wa Tano mwaka 1911, likakamilika 1924, na kikosi cha mwisho cha Waingereza kikaondoka India kwa kupitia hapo Februari 1948. Nyuma yake ni hoteli ya Taj Mahal Palace, iliyofunguliwa 1903. Kuingia langoni ni bure, mnakaguliwa mifuko tu.

Hapo hapo ndipo boti za kisiwa cha Elephanta zinapoondokea, na hapo ndipo makundi mengi yanapokosea. Mapango yale ni mazuri mno, hasa ile sanamu ya Shiva mwenye nyuso tatu, urefu wake kama mita 6, iliyochongwa ndani ya mwamba. Lakini hesabu saa zake: kama saa moja kwenda, saa moja kurudi, saa mbili kule, ngazi zaidi ya mia kupanda, na foleni ya boti pande zote mbili. Ni nusu ya siku nzima, na chakula cha mchana kule kisiwani si cha kufuatia safari. Mgeni analipa rupia 600 wakati Mhindi analipa 40. Kama mnakwenda, pandeni boti ya mwanzo ya karibu saa 3 asubuhi, vaeni jaketi la kuokolea bila kubishana (Desemba 2024 chombo cha jeshi la majini kiligonga boti ya abiria wa Elephanta, na zaidi ya watu kumi wakafa), na msishike chakula mkononi, maana kima wa kule wanapokonya. Jumatatu pamefungwa. Kama lengo lenu kubwa ni kula pamoja, iacheni.

Kutoka Gateway tembeeni dakika kumi hadi Kala Ghoda: makumbusho kubwa ya mji, iliyochorwa na msanifu yule yule wa Gateway, George Wittet, na Jehangir Art Gallery ambayo haina kiingilio. Kisha nendeni Oval Maidan. Mahali hapa tunapasisitiza, kwa sababu watu hupita kwa teksi wasijue wameacha nini. Simama katikati ya uwanja, vijana wakicheza kriketi pande zote. Geukia mashariki: Mahakama Kuu na mnara wa saa wa Rajabai, mita 85, vyote vya 1878, mawe yaliyochongoka kama kanisa la Ulaya. Geukia magharibi: safu ya majumba ya ghorofa ya miaka ya 1930, kona zake zimeviringwa kama meli, rangi za krimu na kijani kibichi. Zama mbili zimekaa zinatazamana, uwanja mmoja tu katikati. Mwaka 2018 UNESCO iliviingiza vyote pamoja katika urithi wa dunia kwa ajili ya mtazamo huo. Nendeni alasiri, jua likiwa upande wa magharibi, ndipo mawe ya Mahakama yanapong'aa.

Chakula cha mchana upande huu ni cha mikahawa ya Wairani, watu wa dini ya Zarathustra waliotoka Iran na kufungua vibanda vya chai kwenye kona za mji. Imebaki michache. Kyani, karibu na stesheni ya Marine Lines, ilianza 1904. Agizeni bun maska na chai: mkate laini wa duara uliopasuliwa na kupakwa siagi nene. Mkate huo unachovywa. Unakata kipande, unakizamisha ndani ya chai ya maziwa hadi siagi ianze kuelea juu kama mafuta ya mchuzi, unakula kabla hakijakatika. Anayeula mkavu atashangaa watu wanausifia nini. Kwa mlo kamili kuna Britannia, mtaa wa Ballard Estate, tangu 1923, inayojulikana kwa berry pulao: wali wa nyama au kuku uliomwagiwa zereshk, matunda madogo mekundu machachu ya Iran. Hufungua mchana peke yake, kwa hiyo anayeiweka kwenye ratiba ya jioni ataukuta mlango umefungwa.

Njiani kuleni vada pav. Hapa msomaji wa pwani ana faida: vada ni ile ile kachori yetu ya viazi vilivyopondwa, vikachovywa unga wa dengu na kukaangwa, sema imewekwa ndani ya mkate na chatne ya vitunguu saumu mikavu. Ukiomba "kachori" Mumbai utapewa kitu kingine, kigumu, cha unga wa ngano chenye dengu ndani. Pilipili mbichi ya kukaanga inayowekwa pembeni si pambo. Mwenye tumbo jepesi aiache. Neno la kukumbuka ni "teekha kam", pilipili kidogo.

Jioni, kabla ya saa 12, shukeni Marine Drive. Ni ukuta wa bahari wa zaidi ya kilomita tatu, watu wamekaa juu yake wanatazama jua likizama, na taa zikiwaka mnaelewa kwa nini wanaiita mkufu wa malkia. Hakuna wa kuwalipa.

Bandra na Juhu: jioni ya bajaji

Asubuhi Bandra haina kitu cha kuwatoa kitandani. Fikeni saa 9 alasiri, shukeni upande wa magharibi wa stesheni (upande wa mashariki ni mji mwingine kabisa na kurudi ni daraja refu), chukueni bajaji hadi kanisa la Mount Mary, kisha teremkeni kwa miguu hadi Bandra Fort. Ngome hii ni ya Wareno, 1640. Anayeijua Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, asitegemee ukubwa ule. Hapa kuna lango, kuta chache na bustani, lakini mandhari yake ni daraja la Bandra-Worli Sea Link, kilomita 5.6 juu ya bahari, lililofunguliwa 2009. Daraja hilo halikubali bajaji, pikipiki wala mtembea kwa miguu, kwa hiyo hapa ngomeni ndipo pa kulipigia picha. Ukilipita kwa teksi, ada ya daraja inaongezwa juu ya mita, na huo si wizi.

Kando ya ngome ni Bandstand, njia ya kutembea kando ya bahari, na hapo mtakuta umati umesimama mbele ya geti. Ni nyumba ya Shah Rukh Khan. Dakika tano zinatosha. Afadhali muda huo mwingine muupeleke vichochoro vya Ranwar na Chapel Road, nyumba za zamani za Wakatoliki zenye misalaba barazani na kuta zilizochorwa picha kubwa. Ununuzi ni Hill Road na Linking Road. Bei ya kwanza ya kibandani jibuni kwa nusu yake, na muwe tayari kuondoka kweli.

Kitu cha kula Bandra ni pani puri, na hapa Bandra inaishinda kusini. Elco, pale Hill Road, wanatangaza kwamba maji yao ni ya chupa, na hilo ndilo jambo zima kwa mgeni. Puri ni kijipira kikavu chenye tundu. Muuzaji anajaza viazi na dengu, anazamisha ndani ya maji ya mnanaa na ukwaju, anakupa mkononi. Inaingia mdomoni nzima. Ukiing'ata nusu, maji yote yako kwenye shati. Marafiki mnasimama nusu duara na anawagawia kwa zamu, moja moja, kwa hiyo usichelewe kumeza maana zamu inarudi upesi. Mwishoni muulizeni "sukha puri", ile kavu ya kufungia, kwa kawaida ni bure. Kwa vibanda vya ufukweni, maji ya pani puri ndiyo chanzo cha kwanza cha matumbo kuharibika. Huko kuleni cha moto tu.

Juhu ni ya machweo, na chakula chake ni pav bhaji: mboga zilizopondwa juu ya chuma kipana, nyanya, viazi, pilipili hoho, na siagi bila huruma, zinaliwa na mkate uliochomwa kwenye siagi ile ile. Sahani moja ina mikate miwili. Kwa watu wanne agizeni sahani mbili na mikate ya ziada, maana mboga hubaki na mkate huisha. Wahudumu wa vibanda watawavuta kwa mikono na kuwawekea menyu usoni. Chagueni kibanda chenye familia za wenyeji, ulizeni bei kabla ya kukaa. Kuogelea hapana: maji ni machafu, na wakati wa mvua huja viwavi vya baharini vya buluu vinavyowasha vibaya.

Kwa wanaotaka baa za Bandra, sheria ya Maharashtra ni miaka 21 kwa bia na 25 kwa pombe kali. Bebeni kitambulisho. Wanafunzi wengi hukwama mlangoni kwa kutojua hilo.

Usiku: Mohammed Ali Road au Chowpatty?

Waliochagua kusini wana uamuzi mmoja zaidi. Ufukwe wa Girgaon Chowpatty uko mwisho wa Marine Drive, una bhel (mchanganyiko wa bisi za mchele na chatne) na kulfi (aiskrimu ya maziwa), mkeka wa kukaa na upepo. Ni mzuri kwa kundi lenye wasiokula nyama, wazee au watoto. Kundi la wala nyama liende Mohammed Ali Road, kama dakika ishirini kwa miguu kutoka stesheni kuu ya treni, CSMT (Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus), ambayo yenyewe inastahili kutazamwa usiku ikiwa imewashwa taa.

Hapa swali la halali linajibika lenyewe, kwa sababu ni mtaa wa Waislamu. Nyama ya ng'ombe hamtaipata, imepigwa marufuku Maharashtra tangu 2015. Kinachoitwa "bade ka" ni nyati. Noor Mohammadi, ya 1923, ina nalli nihari: mfupa wenye uboho uliochemshwa usiku kucha hadi nyama inajitoa. Agizeni sahani moja kwa watu wawili na naan moja moja kwanza, kwa sababu mchuzi ni mzito na njaa inakatika ghafla. Bakisheni nafasi ya upande wa Minara Masjid, kwa malpua ya Suleman Usman Mithaiwala, chapati tamu ya mayai iliyokaangwa hadi kingo zikakakamaa. Ni kubwa, moja inatosha wawili au watatu. Na firni, uji mtamu wa mchele na maziwa, kwenye kibakuli cha udongo. Ramadhani mtaa huu huwa hai hadi daku, na msongamano ni wa bega kwa bega: simu mfuko wa mbele, watoto washikwe mkono.

Kabla giza halijaingia, kwa wenye uhusiano na Mabohora wa Zanzibar, Mombasa au Dar, karibu hapo Bhendi Bazaar kuna Raudat Tahera, kaburi la kiongozi wao wa dini Syedna Taher Saifuddin, ambalo kuta zake za ndani za marumaru zimeandikwa Qur'ani nzima kwa dhahabu. Vaeni nguo za kufunika mwili, vueni viatu, na muulizeni mlinzi kabla ya kutoa simu ya kupigia picha.

Pesa mezani

Muuzaji wa barabarani Mumbai analipwa kwa simu, kupitia UPI, na simu ya mgeni isiyo na akaunti ya India kwa kawaida haiwezi. Noti ya rupia 500 kwa vada pav italeta mzozo. Vunjeni pesa asubuhi kwenye duka la dawa au supamaketi, mkusanye noti za 10, 20, 50 na 100, na mmoja wenu awe mweka hazina wa vitafunwa. Hotelini kadi inakubalika. Kodi ya asilimia 5 kwenye bili ni halali. "Service charge" ya asilimia 10 siyo lazima, na mkiomba iondolewe wanapaswa kuiondoa. Ombeni kabla ya kadi kupitishwa, kwa sababu baada ya hapo meneja atawaambia mashine imeshafunga.

Kuanzia Juni hadi Septemba mvua hubadilisha hesabu yote: boti za Elephanta husitishwa bahari ikichafuka, Juhu haina raha, na treni husimama reli zikijaa maji. Miezi hiyo kusini inashinda bila mjadala, maana kati ya makumbusho, mikahawa na stesheni mnaweza kujikinga siku nzima. Novemba hadi Februari ndiyo miezi ambayo Bandra inafanana na sifa zake. Na popote mtakapomalizia, treni za mwisho huondoka karibu saa 7 usiku; baada ya hapo ni teksi, na mita yenye robo juu.